Tupeane uzoefu: kosa la terminali (dirisha la kuandikia amri) lililokukesha kabla hujaandika hata mstari mmoja wa kodi (msimbo wa programu)

Fundi_wa_Section58 (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Jana usiku mpwa wangu amenipigia simu kutoka Njoro, sauti ya mtu anayekaribia kulia. Anaanza mradi wake wa kwanza wa tovuti. Anafuata video. Kwenye video mwalimu anaandika `npm start` na mambo yanatiririka. Kwake ni maandishi mekundu skrini nzima. Alikuwa ameshafuta Node (programu inayoendesha JavaScript nje ya brauza, huja na npm, kisakinishi chake cha vifurushi) na kuisakinisha upya mara tatu, na bando lake limeenda.

Nikamwambia anisomee ujumbe wote, asiruke kitu. ENOENT (faili haipo), kisha njia ya faili ikiishia na `package.json`, faili ya maelezo ya mradi. Hiyo njia ilikuwa ya folda yake ya nyumbani, wala si ya mradi. Alikuwa ameunda mradi vizuri kabisa, akasahau kuingia ndani kwa `cd`. Yuko steji ya Njoro anangoja matatu ya Bahati, na mashine ilikuwa imemwandikia jina la steji aliyosimama.

Nilicheka, halafu nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza nikanyamaza. Basi tupeane uzoefu. Sharti ni moja: usije ukasema "niliirekebisha" ukatuacha hapo. Sema ujumbe ulisema nini, wewe ulidhani ni nini, na mwishowe ilikuwa nini.

Naanza. Yangu ilikuwa alama ya &. Kwenye Windows nilikuwa na folda inayoitwa `Kazi & Masomo`, na kila mradi niliouweka humo uligoma kuwaka. Ujumbe ulidai kwamba `Masomo\` na kile kilichofuata hakitambuliki kama amri. Niliutazama siku mbili. Mbona inataja Masomo peke yake, Kazi imeenda wapi? Kumbe kwa cmd (terminali ya Windows) hiyo alama inamaanisha "amri ya kwanza imeisha, anza ya pili". Ilikuwa inakata jina la folda katikati kama muwa. Nikaliandika `kazi-masomo`, bila nafasi na bila mapambo. Haikuchukua hata dakika.

Jamaa_wa_Kondele (Kisumu)

Yangu mtacheka. Nilinunua laptopu ya mtumba, ile inayoletwa ikiwa imeshafanya kazi ofisini ng'ambo. Nzuri, kibodi safi. Nikaandika `npm install`, amri ya kushusha vifurushi vya mradi, ikanijibu CERT_NOT_YET_VALID. Neno "cert" likanifanya nidhani wanataka cheti cha chuo. Sitanii, nilikaa na hiyo dhana karibu saa nzima.

Halafu nikadhani ni mtandao. Nikanunua bando la laini nyingine. Nikaenda saiba, nikaunganisha kwa waya wao. Jibu lilelile. Nakwambia simu ilikuwa inafungua kila kitu, na video nilikuwa nafuata kwenye simu hiyohiyo, ndiyo maana sikufungua brauza ya laptopu ambayo pengine ingenizindua mapema.

Aliyenionyesha ni kijana wa saiba, tena bila kugusa kitu. Alinyoosha kidole pembeni mwa skrini akaniuliza, "Mzee, hapa ni mwaka gani?" Ilikuwa imeandikwa 2012.

Betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa, kwa hivyo kila laptopu ikizimwa na kuchomolewa ilirudi miaka ile. Sasa cheti cha usalama cha seva kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mashine inayoamini iko 2012 ikionyeshwa cheti kilichotolewa juzi, inaona kitu kutoka siku zijazo, inakikataa. Inafanya kazi yake. Nikaweka tarehe sawa, ikapita mara moja. Betri nilibadilishiwa wiki iliyofuata.

Binti_wa_Bahati (Nakuru)

Mimi ni fupi. "running scripts is disabled on this system". Nilidhani nimeingiliwa na virusi, nikalala. Asubuhi nikajua ni PowerShell tu, terminali nyingine ya Windows, inazuia faili za amri za `.ps1`, na npm kwenye Windows huja na faili ya aina hiyo. Ukifungua Command Prompt ya kawaida badala ya PowerShell, inakubali bila kubadilisha chochote. Ukitaka kubaki PowerShell: `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`. Kuna wanaoshauri uweke `Unrestricted` kwa mashine nzima. Msiwasikize.

Mwalimu_Mstaafu (Bungoma)

Vijana, nami niwape yangu. Nilianza kujifunza haya baada ya kustaafu, kwenye Ubuntu (aina ya Linux) ambayo mwanangu aliniwekea. Siku moja seva ya majaribio ikakataa kuwaka: ENOSPC. Kiingereza nimefundisha miaka mingi, nikaona NO na SPC (space, yaani nafasi) humo ndani, nikajiambia, diski imejaa.

Nikaanza kufuta. Nikafuta sinema za wajukuu. Nikafuta mahubiri. Bado ENOSPC. Nikafuta folda ya picha za harusi ya binti yangu, hapo mkono ukitetemeka, nikijua mama yao anazo kwenye simu. Bado ENOSPC!

Jioni mwanangu akapiga simu. Akaniambia, "Baba, andika `df -h` unisomee." Nikamsomea. Zaidi ya nusu ya diski ilikuwa tupu, na ilikuwa tupu tangu mwanzo. Akasema, "Sasa nisomee ule mstari mpaka mwisho." Mwisho wake: "System limit for number of file watchers reached".

Maana yake ni hii. Unapofanyia kazi tovuti, seva ya majaribio huomba kernel (kiini) ya Linux iiambie kila faili inapobadilika, ndipo ukurasa ujifungue upya wenyewe. Linux humpa kila mtumiaji idadi ya mwisho ya vitu anavyoweza kuwekea ulinzi huo. Kwenye laptopu yangu ilikuwa 8192, na folda ya `node_modules` (vinakokaa vifurushi) ya mradi mmoja tu ina maelfu kwa maelfu ya faili, na kihariri (programu ya kuandikia kodi) nacho kilikuwa kinachunga hizohizo. Nafasi iliyokuwa imejaa ilikuwa ya walinzi, si ya diski. Niliongeza mstari huu kwenye `/etc/sysctl.conf`:

`fs.inotify.max_user_watches=524288`

kisha `sudo sysctl -p`. Ikawaka. Picha mama yao alinirudishia, lakini mpaka leo kila nikifungua laptopu mbele yake ananiuliza kama nimemaliza kufuta familia.

Fundi_wa_Section58

Pole sana mwalimu. Hii ya walinzi imenipita hata mimi, nilidhani ni ya diski kila siku.

Akinyi_wa_Mpakani (Busia)

EADDRINUSE, poti 3000 (poti ni namba ya mlango ambao programu husikilizia). Kila nikizima seva yangu ya Express (maktaba ya Node ya kutengenezea seva) na kuiwasha tena, inasema poti tayari ina mwenyewe. Mwenyewe nani, na niko peke yangu chumbani? Nilikuwa nazima na kuwasha laptopu nzima kila nikibadilisha mstari mmoja. Wiki nzima.

Nilikuwa nabonyeza Ctrl+Z nikidhani ndiyo ya kusimamisha. Kwenye Linux hiyo huilaza programu tu. Haifi, inalala na poti mkononi. Ukiandika `jobs` unaiona imelala hapo, `fg` inaiamsha, halafu Ctrl+C ndiyo inaiua. Kama uliifunga dirisha ukaipoteza kabisa, `lsof -i :3000` inakupa namba yake, uiue kwa `kill`. Wa Windows ni `netstat -ano | findstr :3000`, chukua namba ya mwisho upande wa kulia, kisha `taskkill /PID` na namba hiyo, na `/F`.

Kuku_wa_Ingo (Kakamega)

Huku kwetu mvua ya alasiri ikianza na radi, hesabu stima imeenda. Mimi natumia kompyuta ya mezani, haina betri, na UPS (betri ya akiba) ni ndoto. Ikanizimikia nikiwa katikati ya `git commit`, yaani kuhifadhi hatua ya kazi kwenye git, programu inayotunza historia ya kodi. Iliporudi, kila amri ya git inayogusa faili: "Unable to create .git/index.lock: File exists".

Git ikianza kuandika hujifungia mlango kwa hiyo faili, ikimaliza inaiondoa. Stima ikipotea katikati, aliyefunga amekufa na ufunguo mfukoni. Hakikisha hakuna git nyingine inayofanya kazi, hata ndani ya kihariri, kisha futa `index.lock`. Hiyo faili pekee. Kuna mtu alinishauri nifute folda ya `.git` nzima, na nashukuru Mungu nilikuwa mzito wa kutii, maana historia yote ya kazi ingeenda nayo.

Siku nyingine ikapotea katikati ya `npm install`. Vifurushi vingine vikabaki nusu, faili zina jina lakini ndani tupu. Hapo futa `node_modules` usakinishe tena. Lakini jamani, huo ushauri wa kukimbilia `npm cache clean --force` kila kitu kikiharibika, kwa sisi wa bando ni hasara. Vifurushi vilivyokwisha kushuka vimehifadhiwa kwenye hiyo kashe (ghala la npm kwenye mashine yako). Ukiiacha, `npm install --prefer-offline` inavichukua humo kwanza na kushusha vilivyokosekana tu.

Jamaa_wa_Kondele

Na kama kashe yenyewe ndiyo imeharibika?

Kuku_wa_Ingo

npm hukagua kila kifurushi inapokitoa kwenye kashe, kibovu inakishusha upya. Ukiwa na wasiwasi kuna `npm cache verify`, haikuli bando.

Mhenga_Asiyezeeka (Nakuru)

Mnahangaika bure. Weka `sudo` (amri ya kupata ruhusa ya mkuu wa mashine) mbele ya kila kitu, utaishi kwa amani.

Akinyi_wa_Mpakani

Kaka, na kesho faili zote za mradi zikiwa mali ya root (mkuu wa mashine), ukiandika bila sudo upate EACCES (huna ruhusa), utarudi hapa kulia. Mwenye Linux atumie nvm (programu ya kusimamia matoleo ya Node), inaweka Node ndani ya folda yako ya nyumbani na hutahitaji sudo kabisa.

Wa_Maseno (Kisumu)

Mimi nilikuwa atachi (mwanafunzi wa mafunzo kazini). Siku ya kwanza nikapewa mradi wa React (maktaba ya kujengea tovuti) wa 2019 niuwashe. ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED. Sikuwa nimegusa kitu, nimeandika amri moja tu na tayari naonekana nimeharibu mali ya watu. Kila aliyepita nyuma ya kiti nilikuwa napunguza dirisha.

Sababu: kuanzia Node 17, iliyotoka Oktoba 2021, kuna OpenSSL 3 (maktaba ya usimbaji) ndani yake, na hiyo haikubali tena MD4 (njia ya zamani ya kutengeneza alama za data) mpaka uiruhusu. Webpack 4, chombo kilichokuwa kinakusanya faili za mradi, ilikuwa inatumia MD4 kutengeneza alama za faili. Mradi mzee juu ya Node mpya, hawaelewani. Mtandaoni wengi watakwambia uweke `NODE_OPTIONS=--openssl-legacy-provider`. Inafanya kazi, ila ni kurudisha mlango uliofungwa kwa sababu. Mimi nilishuka hadi Node 16 kwa nvm ili niweze tu kuuona ukifanya kazi, halafu tukapandisha `react-scripts` (kifurushi kinachowasha na kujenga mradi) hadi toleo la 5, linalotumia Webpack 5.

Na wewe Fundi, hiyo video ya mpwa wako kama inatumia create-react-app (chombo cha kuanzishia miradi ya React), mwambie aiache. Timu ya React ilitangaza Februari 2025 kwamba imestaafishwa. Aanze na Vite, chombo kingine cha kazi hiyo.

Mpwa_wa_Njoro

Mjomba, shikamoo. Ungeniambia kwanza kabla ya kunianika hapa.

Nimesoma ya huyo wa Maseno, nikaanza upya na Vite, na safari hii nimeingia ndani ya folda. Nimeandika `npm start`. Sasa inasema Missing script: "start". Nimefanya nini tena?

Fundi_wa_Section58

Marahaba mpwa wangu. Sijataja jina, umejitaja mwenyewe. Fungua `package.json`, tafuta palipoandikwa "scripts". Umeona nini?

Mpwa_wa_Njoro

dev, build, lint, preview. Hakuna start.

Fundi_wa_Section58

Basi usiiitie kitu ambacho haina. `npm run dev`.

Mpwa_wa_Njoro

'vite' is not recognized as an internal or external command. Mjomba mimi nalala.

Binti_wa_Bahati

Usilale. Ulipounda mradi, mwishoni ilikuandikia amri tatu za kufuata. Ya kwanza `cd`, ya tatu `npm run dev`. Ya pili ulifanya?

Mpwa_wa_Njoro

Ya pili ilikuwa `npm install`. Niliiruka dada, nilikuwa naogopea bando.

Kuku_wa_Ingo

Ifanye, kijana. Weka `--prefer-offline`, umesakinisha sakinisha sana tangu jana, huenda vingine viko kwenye kashe.

Mpwa_wa_Njoro

Inazunguka.

Bado inazunguka.

Imefunguka! localhost:5173 (yaani mashine yangu mwenyewe), ukurasa uko hapa mbele yangu. MB 31 zimebaki, wacha nizime hotspoti.