Naombeni ushauri: unajuaje ghorofa limechorwa vizuri na sio refu tu? Nina kalenda ya kutengeneza

Mpiga Chapa wa Chuga
Habari za muda huu wakuu. Niko Arusha, nina kaofisi ka kuprinti, mabango, fulana, kadi za harusi, na msimu huu ndo wa kalenda. Nina mteja wangu mkubwa anauza vioo na alumini, mwaka huu kagoma kabisa kalenda ya simba na twiga, anasema hapa mjini kila ofisi ukiingia unakutana na twiga ukutani. Anataka maghorofa marefu 12 ya Afrika, kila mwezi na lake, na chini ya picha kaandiko ka mistari miwili mitatu ka kueleza kwa nini hilo limechaguliwa. Kuchagua kaniachia mimi.

Sasa nimezimwaga picha mezani naangalia, kioo cha bluu, kioo cha bluu, kioo cha kijani, kioo cha bluu. Nikipanga kwa urefu kazi inaisha leo leo ila hapo sijachagua kitu, namba ndo zimechagua. Mke wangu kapita akauliza hili lina uzuri gani kuliko lile, nikabaki naangalia tu. Sasa naombeni wenye ujuzi, mtu ambaye hajasomea ramani anaangalia nini hasa? Na tafadhali msiniambie uzuri uko machoni mwa mtu, siwezi kuprinti hiyo mara 12.

chalii_wa_Ngarenaro
Oya mzee weka Britam ya Nairobi Januari, mita 200, funga uzi.

Dereva wa Namanga
@chalii_wa_Ngarenaro mita 200 za wapi, ule mlingoti wa juu wenye feni za upepo wenyewe tu ni kama mita 60, utoe halafu ndo upime pale watu wanapofanyia kazi. UAP Old Mutual kule Upper Hill ina 163 na kwa floo za kukaa watu iko juu kuliko Britam. Nairobi naenda kila wiki nayaona yote mawili kwenye foleni, muda wa kuyaangalia ninao mwingi sana.

chalii_wa_Ngarenaro
Kwa hiyo mlingoti sio ghorofa? Basi hata Burj Khalifa mkaipunguze, si na yenyewe juu kule hakai mtu.

MchoraRamani
Mkuu mleta mada, mimi nimesomea usanifu majengo na nimeifanya kazi hiyo kidogo kabla sijahamia kwenye kuuza vifaa vya ujenzi ambako ndo kuna hela, kwa hiyo nichukulie kama mtu wa ndani aliyetoka nje.

Kwanza acha kuangalia juu. Kila mtu anaangalia juu. Wewe anza na pale mguu wa jengo unapokanyaga mtaa, mtu anayepita kwa miguu anapata nini? Kuna kivuli, kuna fremu za maduka, kuna mlango unaoonekana, au kuna ukuta, geti la paking na mlinzi anayekuambia pita upande ule? Maghorofa yetu mengi yanafelia hapa hapa, kwenye floo ya kwanza, kabla hata hujahesabu ya pili. New York mwaka 1958 walijenga Seagram, jengo jeusi la mita 157 lisilo na mbwembwe yoyote, ila mchoraji wake Mies van der Rohe alilirudisha nyuma akaacha uwanja mbele wa watu kupita na kukaa, kwenye kiwanja cha bei ya kutisha. 1961 jiji likabadili sheria zake, ukiacha uwanja chini unaruhusiwa kuongeza floo juu. Vingi vilivyofuata vilikuwa viwanja vya ovyo kwa sababu watu walikuwa wanatafuta floo, sio uwanja, lakini ule wa Seagram mpaka leo unasimama.

Halafu jua. Hili ndo kubwa kwetu na ndo halionekani kwenye picha. Sisi tuko karibu na ikweta, jua la kutesa ni la asubuhi na la jioni, linakuja chini chini linaingia hadi ndani, wakati upande wa kaskazini na kusini kibaraza kidogo tu juu ya dirisha kinatosha kulizuia. Kwa hiyo jengo lililofikiriwa linatupa upande wake mwembamba mashariki na magharibi, au lina madirisha yaliyoingia ndani, au vibao vya kivuli. Sasa chukua picha zako hizo za kioo cha bluu, angalia kama pande zote nne zinafanana. Kama zinafanana, huyo mchoraji hakujua jua linatokea wapi, au alijua ila mwenye jengo akamwambia weka AC.

Ndo maana KICC ya Nairobi, lile jumba la mikutano la Kenyatta, mimi huniambii kitu. Limeisha 1973, mita 105 tu, kachora Karl Henrik Nøstvik, Mnorwe, pamoja na David Mutiso wa Kenya, na mwanzo lilikuwa liwe makao makuu ya chama cha KANU. Madirisha yamezama ndani, zege lina rangi ya udongo wa kuchoma, pembeni kuna lile jumba la mkutano lenye umbo la koni kama mwavuli uliofungwa, na vyote vinakaa kwenye uwanja mmoja. Minara imeota kila upande kuizidi urefu lakini mtu akitaka kukuonyesha Nairobi kwenye noti au posta anaonyesha ile ile.

Binti_Sakina
Nakubali KICC ila mkuu unamjibu mtu wa kalenda kama vile anataka kupanga ofisi 😂 Kwenye kalenda hamna mtu anasikia joto. Mimi ni mpiga picha na njia yangu ni rahisi, chukua picha ipake jengo lote jeusi ti, libaki kivuli tu. Bado unalijua? KICC unalijua. Ponte ya Johannesburg, lile bomba la duara, unalijua. La Pyramide ya Abidjan hata mtoto analijua. Yale ya kioo ukiyapaka nyeusi ni maboksi, hujui hili la Dar au la Lagos.

Pili unachagua ghorofa moja moja wakati skailaini, yaani majengo ya mji yanavyoonekana kwa mbali, ni kundi. Kuna jengo peke yake la kawaida sana ila pale lilipokaa linalipa. Nenda Dar upande wa bahari, kwenye pantoni ya Kigamboni, ile minara pacha ya PSPF ya floo 35 kwa macho yangu ni ya kawaida, ila ukiipiga pamoja na kanisa la Azania Front na St. Joseph za enzi za Mjerumani pale chini, paa na minara yao midogo mbele halafu vioo nyuma, inatoka picha ya kueleweka. Japo wapo wanaosema maghorofa yale yameyameza makanisa na siwapingi, pembe nyingine yanayameza kweli.

Mangi wa Kiborloni
Dada umegusa kitu. Mimi niko Moshi, kwangu jengo lolote linaloziba Kibo, kilele cha Kilimanjaro, limefeli, hata lingechorwa na malaika. Watu wanaona hii ni hadithi ya wazee lakini Vancouver kule Kanada tangu 1989 wana mistari ya kuangalia milima imewekwa kwenye kanuni za mji, ukitaka kujenga ndani ya mstari unaambiwa mwisho wako hapa. Sisi tuna mlima wa mita 5,895 na asubuhi ikifunguka unauona ukiwa umesimama kwenye mzunguko wa saa pale mjini, siku moja mtu ataweka floo 20 mbele yake tutapiga makofi tunaita maendeleo.

Babu Kijenge
Vijana mmekwenda Nairobi, Abidjan, New York mpaka Kanada, AICC, jumba letu la mikutano hapa Arusha, iko hapo chini ya pua yenu hamjaitaja. Ilijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, Jumuiya ikavunjika 1977, jengo likabaki. Kilimanjaro, Serengeti, Ngorongoro, majengo matatu yamepangwa kwa akili na katikati kuna ukumbi wa Simba. Mahakama ya UN ya mauaji ya Rwanda ilikaa humo miaka na miaka, mpaka ikafungwa 2015.

chalii_wa_Ngarenaro
Shikamoo mzee. Ila AICC si refu mzee wangu, kalenda ya maghorofa marefu.

Babu Kijenge
Marahaba. Refu kwa nani? Lilipojengwa hapa ulikuwa unaliona toka mbali. Urefu unapimwa na majirani.

MchoraRamani
Mzee kamaliza. Hata Eastgate ya Harare ni floo 9 tu, 1996, ila kwangu inayapiga mengi ya floo 40. Mick Pearce aliichora ijipoze yenyewe bila AC za kawaida, hewa ya usiku yenye baridi inapitishwa ndani, zege linaipokea, mchana inatoka juu kwenye mabomba ya kutolea hewa. Alijifunza kwa mchwa wanavyojenga kichuguu.

Dereva wa Namanga
Swali kwa @Binti_Sakina, Ponte ni uzuri gani ule? Miaka ya 90 katikati ya lile bomba takataka zilijaa mpaka zikapanda floo kadhaa.

Binti_Sakina
Takataka kaweka mchoraji? Floo 54, mita 173, limejengwa 1975, sheria za mji zilitaka jiko na bafu viwe na dirisha ndo wakaacha katikati wazi mwanga uingie. Wazo zuri, mji ukaliacha likaharibika.

Dereva wa Namanga
Ukichora shimo la floo 54 kwenye nyumba ya maelfu ya watu lazima ujiulize litajaa nini. Hilo nalo ni la mchoraji.

MchoraRamani
Hapa niko na dereva. La Pyramide pia, umbo kali la 1973 la Rinaldo Olivieri, ila ndani sehemu ya kupangisha ndogo kulinganisha na ukubwa wa jengo na likakaa miaka mingi tupu. Liweke kwenye kalenda ila usiandike tu kuwa ni zuri, andika na kilichoishinda.

Mpiga Chapa wa Chuga
Wakuu mmenifungua macho, nimeyarudia mapicha nimetupa kama nusu. Ila sasa tatizo ni mteja. Huyu anauza VIOO. Mimi nikimwandikia kwamba kioo pande zote nne ni uvivu wa mchoraji ataniuliza kalenda ni yake au ya washindani wake. Nimemgusia KICC tu kaniambia "hilo la zege?"

Binti_Sakina
😂😂😂 Mpe Februari, ina siku chache.

MchoraRamani
Kioo hakina kosa mkuu, kosa ni kukiacha uchi. Mwambie habari ya London, 20 Fenchurch Street, watu wanaliita Walkie Talkie. Upande wa kusini waliukunja ndani, mwaka 2013 likaanza kukusanya jua na kulimwaga mtaani, likayeyusha sehemu za Jaguar iliyokuwa imepaki chini. 2015 likapewa tuzo ya jengo baya la mwaka Uingereza. Na dawa yake unajua ilikuwa nini? Kufunga vibao vya kukinga jua juu ya kile kioo. Hapo mteja wako anauza kioo, halafu anauza na alumini ya vibao. Mweleze hivyo uone kama atakataa.

Mangi wa Kiborloni
Huyu kweli kahamia kwenye biashara.

Mpiga Chapa wa Chuga
Nimempigia. Kacheka sana ya Jaguar, kaniambia niweke habari ya vibao kwenye kurasa mbili tatu. Mpaka sasa nina KICC, Britam (ntaandika na habari ya mlingoti, chalii usinune), PSPF ikiwa na makanisa, Ponte, La Pyramide, na ya Misri ile Iconic Tower ya karibu mita 394 kwa sababu kagoma kuitoa. Eastgate na AICC nimeziombea nafasi kwa jina la mzee wa Kijenge. Zilizobaki naendelea kuzipima jua na mguu. @Binti_Sakina picha za KICC unazo? Nalipa, sitaki za kuokota mtandaoni.

Binti_Sakina
Ninazo za wima na za kulala, nicheki inbox. Ila sharti moja, usikate chini ili mnara uonekane mkubwa, mnavyopenda watu wa printi. Uwanja uingie wote na sanamu ya Mzee Kenyatta iingie, na kama nafasi haitoshi punguza maandishi ya bei za vioo.