Kufundisha historia ya utumwa wa Pwani bila kumvunjia mwanafunzi heshima

Mwalimu wa Kilifi:
Hamjambo walimu wenzangu. Ninafundisha Historia kidato cha pili. Juma lililopita, tulipokuwa tukimaliza somo la biashara ya utumwa, mwanafunzi mmoja alimgeukia mwenzake ambaye kwao ni Kisauni akamwambia, "Kumbe nyinyi ndio mlionunuliwa," na darasa likaangua kicheko. Aliyeambiwa alifunga daftari, akaweka kalamu juu yake, na hakusema neno mpaka kipindi kikaisha. Mwingine, ambaye ukoo wake una asili ya Uarabuni, aliulizwa babu yake aliuza watu wangapi. Niliwakanya, lakini naona kukanya hakutoshi. Nifundisheje historia hii, ambayo haifai kufichwa, bila mtoto yeyote kutoka darasani amebebeshwa aibu au hatia ya waliomtangulia?

Mstaafu wa Unguja:
Pole, mwalimu. Mimi nilikosea kwa kuanza na minyororo. Niliwapeleka wanafunzi Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, wakasikitika, wakarudi wakiwaona watumwa kuwa watu wa kuhurumiwa tu. Baadaye nikawa naanza na sheria na fedha. Nilikuwa nikiwauliza: amri ya mwaka 1897 ilipofuta utumwa Unguja na Pemba, nani alilipwa fidia? Karibu wote walijibu kwamba ni mtumwa. Nilipowaeleza kuwa alilipwa bwana, kwamba mtumwa ndiye aliyetakiwa kwenda mahakamani kuomba uhuru wake, na kwamba masuria, yaani watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, waliachwa nje mpaka mwaka 1909, walinyamaza kwanza, kisha maswali yakawa mengi, wala hakuna aliyemtazama jirani yake.

Mjukuu wa Kengeleni:
Mimi nilikuwa mtoto kama huyo aliyefunga daftari. Kwetu ni Frere Town, huko huko Kisauni, Mombasa, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875, ambayo kengele yake ndiyo iliyoupa mtaa wetu jina. Shuleni niliambiwa kwamba tulikombolewa, lakini hakuna aliyenifundisha kwamba wapo waliojikomboa wenyewe. Wafundishe habari za watoro waliokimbia mashamba ya Pwani wakajenga vijiji vyao, kikiwemo Fuladoyo, ambacho kimo katika kaunti yako, mwalimu. Wengine walikimbilia Rabai, kwenye misheni, na mwaka 1888 mabwana ndio waliolipwa ili watoro hao wapewe hati za uhuru. Nakusihi pia usimsimamishe mtoto huyo asimulie habari za ukoo wake. Mwalimu wangu alifanya hivyo kwa nia njema, na tangu siku hiyo sikuitwa tena kwa jina langu pale shuleni.

Mwalimu wa Tanga:
Naafiki, ila yule mwanafunzi mwenye asili ya Uarabuni asisahauliwe. Mikono ilikuwa mingi: misafara ya Wayao iliyoshuka Kilwa, mabwana wa mashamba ya karafuu, Wahindi waliokopesha mitaji, na Wafaransa walionunua watu kwa ajili ya mashamba ya Mauritius na Réunion. Nami huliandika ubaoni neno "mshenzi", ambalo watoto hutukanana kwalo kila siku, nikawaeleza kwamba watu wa Pwani waliwaita hivyo watu wa bara, ambako wengi wa watumwa walitolewa.

Mwalimu wa Kilifi:
Nawashukuru. Jumatatu nitaanza na Fuladoyo, kisha niulize hilo swali la fidia. Yule wa Kisauni nitazungumza naye faraghani kabla ya kipindi, nimwombe radhi kwa kuchelewa kuwanyamazisha.