Naomba ushauri: siku moja Matema na mama mwenye matatizo ya magoti

Ndugu wanachama, habari za leo. Mwezi ujao natarajia kumpeleka mama Matema, kando ya Ziwa Nyasa, tukitokea Tukuyu asubuhi kwa usafiri wa umma kupitia Ipinda na kurudi jioni. Magoti yanamsumbua, lakini anatamani sana kuwaona akina mama wa Kikisi wakifinyanga vyungu katika kijiji cha Ikombe, ambako watu hufika kwa mtumbwi au kwa miguu. Nilipoipigia simu nyumba moja ya wageni nilijibiwa tu kwamba mitumbwi ipo, jibu lisilonisaidia, kwani mama hawezi kuchuchumaa wala kuruka majini.

Je, inapatikana boti yenye viti, au twende Jumamosi, vyungu vinapouzwa gulioni Lyulilo, kijiji jirani na Matema? Na gari la mwisho la kurudi Ipinda huondoka saa ngapi?