Naomba ushauri: Python inadai moduli haipo, ilhali faili ninaliona

Ndugu wataalamu, baada ya salamu naomba msaada wenu. Nimehamia Python 3.8 kwenye Windows, na moduli yangu niliyoiandika kwa lugha ya C, ingawa nimeikompaili upya, inagoma kupakiwa kwa ujumbe kwamba moduli haikupatikana, hali faili lake la .pyd (moduli iliyokwisha kukompailiwa kwa ajili ya Windows) liko pale pale. Nilipoteza jioni nzima nikikagua sys.path, yaani orodha ya folda ambamo Python hutafuta moduli (hata jina la faili nililisoma herufi kwa herufi) kabla ya kung'amua kuwa kinachokosekana ni DLL nyingine (faili la maktaba ya Windows) ambayo moduli inaitegemea, na ambayo ujumbe haukuitaja jina kabisa. Nafahamu kwamba tangu toleo hilo PATH, yaani orodha ya folda iliyowekwa kwenye Windows, haitumiki tena kutafutia DLL za namna hiyo. Je, niite os.add_dll_directory, ambayo huongeza folda ya kutafutia DLL, ndani ya __init__.py (faili linaloendeshwa kwanza kifurushi kinapopakiwa), au niiweke DLL kando ya moduli?