Mbio za kilomita 50 milimani: nile nini njiani?

Swali, kutoka Tanga mjini
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninajiandaa kwa kilomita 50 za njia za milimani, ilhali mazoezi yangu yote ni ya barabara tambarare za Raskazone. Nikikimbia zaidi ya saa tatu nguvu huniishia, ingawa ninakunywa madafu kwa wingi.

Jibu
Wa alaykum salaam, kaka. Akiba ya wanga misulini na kwenye ini haitoshi kwa saa zote hizo. Lenga takriban gramu 60 za wanga kwa saa, na tumbo lililozoeshwa huweza kufika 90 iwapo glukosi imechanganywa na fruktosi, mchanganyiko ambao sukari ya dukani tayari inao. Tende zilizotolewa kokwa hubebeka vizuri. Madafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, hivyo tia chumvi kidogo chupani, wala usinywe maji matupu kupita kiu, maana sodiamu ya damu ikishuka mno ni hatari.

Jibu
Mimi ningeanza na miteremko. Nenda Amani, kwenye milima ya Usambara, ukashuke kwa miguu, kwa sababu misuli ya mapaja huumia zaidi inapofanya kazi huku ikirefuka, na Raskazone haikupi hilo.

Muulizaji
Ahsanteni. Kashata za nazi je?

Jibu
Tamu, lakini mafuta yake huchelewa tumboni. Uzile ukimaliza mbio.