Naomba ushauri: binti kaingizwa darasa la sita katikati ya mwaka, Marekani

Habari zenu ndugu, hasa wazazi mlioko Marekani.

Binti yangu ana miaka 11. Alimaliza darasa la tano Tanzania mwezi Desemba, tukahamia huku Januari. Wilaya ya shule hapa (mamlaka inayosimamia shule za umma za eneo) imempanga darasa la sita kwa kufuata umri, ila mwaka wao ulianza Agosti na unaisha mwishoni mwa Mei. Kwa hiyo nusu ya siku 180 za masomo zimeshapita bila yeye. Hesabu anaimudu, Kiingereza cha kusoma ndicho kinamtoa jasho.

Nimepeleka ripoti zake zilizotafsiriwa, nikaongea na mshauri wa wanafunzi. Jibu ni lile lile: umri. Cha ajabu, ukutani pale ofisini wameandika maadili yao, "kila mtoto kwa kasi yake". Nilisoma mara mbili!

Je, niombe kwa maandishi arudishwe la tano, au nimwache na nidai msaada wa Kiingereza kwanza? Na aliyewahi kukata rufaa wilayani, ulianzia kwa mkuu wa shule au moja kwa moja bodi?

Natanguliza shukrani.