Enzi ya barafu misitu ya mvua ya tropiki ilikuwa na hali gani?

Kijiti:
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua siku kadhaa sasa. Tunaambiwa miaka kama 21,000 iliyopita dunia ilikuwa kwenye kilele cha enzi ya barafu, Kanada na Ulaya kaskazini zimefunikwa kabisa, sawa. Sasa huku kwenye ikweta je? Misitu ya Kongo na Amazon iliganda, ikafa ikaota upya au? Maana nasikia pia hiyo misitu ni ya zamani sana, mamilioni ya miaka, hizo habari mbili zinakaaje pamoja? Mwenye uelewa anisaidie.

Tope_la_Ziwa:
Haikuganda mkuu. Bondeni joto lilishuka nyuzi kadhaa tu, kilichoiumiza misitu ni kiu na njaa. Kiu kwa sababu bahari ikipoa mvuke unapungua na mvua nayo inapungua, Ziwa Victoria lenyewe lilikauka likaja kujaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Njaa ndo wengi hawaijui: hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 180 na kitu kwa kila milioni, leo tumevuka 420. Mti ukiikosa hiyo hewa unaacha vitundu vya majani wazi zaidi ili uipate, na vikiwa wazi maji nayo yanatoka, yaani hasara mara mbili. Nyasi za nchi za joto zina namna yake ya kuikusanya hata ikiwa kidogo, ndo maana zilivamia. Pale Ziwa Bosumtwi, Ghana, leo ni eneo la msitu, lakini tope la wakati ule limejaa chavua, yaani unga wa maua, ya nyasi.

Kijiti:
Chavua ya miaka 20,000? Si ingeshaoza jamani

Tope_la_Ziwa:
Ganda lake ni gumu ajabu, na chini ya ziwa hakuna hewa ya kuliozesha. Wanashusha bomba wanatoa tope limesimama kama mshumaa, wanalikata vipande, kila kipande kinapitishwa kwenye tindikali mpaka mchanga uyeyuke chavua ibaki. Halafu ni darubini na kuhesabu moja moja, mia kadhaa kwa kila kipande. Ya nyasi ni kiduara chenye tundu moja, ya mti wa podo ina vifuko viwili vya hewa pembeni kama masikio, ukiiona mara moja huisahau.

Nyotamkia:
Naongezea, msidhani kila mahali palikuwa kama Bosumtwi. Mwaka 1969 Mjerumani Jürgen Haffer, mtaalamu wa ndege, alisema Amazon ilikatika ikabaki visiwa vya msitu na kila kisiwa kikazalisha ndege wake. Nadharia tamu na ilipendwa miaka mingi, ila Paul Colinvaux na wenzake walipochimba tope la Ziwa Pata kaskazini magharibi mwa Brazil wakakuta chavua ya msitu mwanzo mwisho, isipokuwa miti ya baridi kama podo ilikuwa imeshuka ikachanganyika na ya bondeni. Hapo huwa nasisimka kweli, miti iliyoishi pamoja kwa namna ambayo leo huioni. Mimi naona Haffer alikosea. Asia kusini-mashariki nako bahari ilishuka kama mita 120, Borneo, Sumatra na Java zikaungana na bara, na watu bado wanabishana kama katikati pale palikuwa msitu au ukanda wa nyasi.

mama_Zuhra:
Jamani na milima ya Tao la Mashariki huku kwetu Afrika Mashariki mmeiacha! Udzungwa na Uluguru chavua inaonyesha msitu wa milimani ulibaki muda wote huo, maana mvua yake inatoka Bahari ya Hindi, upepo ukigonga mlima mawingu yanakamuliwa palepale. Kijiti mdogo wangu jibu la swali lako la mwisho liko hapo, misitu ni ya zamani kweli ila mipaka yake imehamahama, kwingine imerudi nyuma kwingine imeshikilia, na ilikoshikilia ndo unakuta viumbe wa ajabu. Kuna kwale wa Udzungwa, wanasayansi wamemjua mwaka 1991 tu, na ndugu zake wa karibu wako Asia.